Kutembelea Mbuga ya Bahari ya Mombasa: Panga Siku kwa Maji, Si kwa Saa

Kosa kubwa la wanaokwenda kutembea Bamburi na Nyali hufanyika nyumbani, kabla hata ya kupanda matatu. Siku huchaguliwa kwa sababu ni Jumamosi, mama anapika, watoto wanavalishwa, na safari inafika ufuoni saa nane mchana. Bahari imekupwa. Maji ya kuogelea yako mbali, kati yako na hayo kuna mwani unaoteleza, mawe na vidimbwi, na nahodha anasema boti haiwezi kupita juu ya mwamba mpaka jioni. Siku imepotea, na hakuna aliyekosea ila yule ambaye hakuuliza maji.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji. Mengine yote, yaani tikiti, boti, miwani ya majini na chakula, yanafuata nyuma yake.

Mahali penyewe kwanza

Mbuga ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986 na inasimamiwa na Shirika la Wanyamapori nchini Kenya, KWS. Iko pwani ya kaskazini, nje ya kisiwa. Kuna sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Mbuga yenyewe ina ukubwa wa kilomita za mraba 10, na humo hakuna kuvua kwa namna yoyote, wala kuokota kombe, kauri au tumbawe. Kuizunguka kuna hifadhi ya kilomita za mraba 200, ambako wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa zana za asili kama madema na mishipi. Ukiona mtumbwi wenye madema karibu na boya la mpaka, usidhani mvuvi wake anaiba samaki. Huenda yuko upande wake wa mpaka.

Kutoka ufuoni hadi mwamba mkubwa wa nje kuna maji ya ndani yaliyotulia, yenye mchanga, majani ya baharini na vichaka vya matumbawe. Ni mwamba huo wa nje unaovunja mawimbi ya bahari kuu. Maji yakipwa, mwamba unakuwa ukuta kamili na ndani kunatulia kama birika. Maji yakijaa, mawimbi yanapita juu yake na ndani kunachafuka. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya safari.

Kuhesabu maji

Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Leo yakipwa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tano kasoro dakika kumi. Siku za maji mafu, yaani yasiyojaa sana wala kupwa sana, husogea zaidi ya hapo, ndiyo maana hesabu ya kichwani haifai kutumiwa zaidi ya siku tatu mfululizo bila kuangalia jedwali.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali la kwanza mkononi. Mwezi ukiandama na ukipevuka, bahari inakuwa bamvua: inajaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Mombasa inaweza kukaribia mita 4. Hizo ni takriban tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi. Mwezi ukiwa nusu, takriban tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25, ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana, na tofauti inaweza kushuka hadi mita moja na kidogo.

Pwani hii ina bahati yake. Siku za bamvua, kupwa kwa mchana huangukia karibu saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi, na kujaa huangukia alasiri, saa kumi hadi saa kumi na moja. Siku za maji mafu ni kinyume: maji hujaa asubuhi kuelekea adhuhuri na kupwa jioni. Kutokana na hayo unapata kanuni ya kupangia:

Ukitaka kuona matumbawe na samaki, au kutembea juu ya fungu la mchanga katikati ya bahari, chagua bamvua na uwe ndani ya boti saa tatu asubuhi.

Ukitaka watoto waogelee karibu na ufuo, chagua maji mafu na ufike saa tatu au saa nne asubuhi. Maji yapo, mkondo ni mdogo, na hayakimbii kwa ghafla.

Jedwali la maji huchapishwa kila mwaka, na programu za simu zinalo. Soma hivi. Tuseme, kwa mfano tu, siku moja imeandikwa: 04:12 mita 3.8, 10:25 mita 0.3, 16:35 mita 3.7. Nambari kubwa ni kujaa, ndogo ni kupwa. Saa hizo ni za kizungu, basi 10:25 ni saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi. Angalia pia kama jedwali limeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki au za Greenwich. Likiwa la Greenwich, ongeza saa tatu. Wapo waliofika ufuoni mapema kwa muda wa saa tatu nzima kwa sababu ya mstari huo mmoja mdogo juu ya ukurasa.

Sasa jambo ambalo jedwali halisemi waziwazi: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia huigawa tofauti ya kujaa na kupwa mara kumi na mbili. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Chukua bamvua yenye tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji yamepanda sentimita 30 tu, na mtu aliyesimama kwenye fungu la mchanga anasema muda bado upo. Saa ya pili yanapanda 60. Saa ya tatu yanapanda 90, yaani sentimita 30 kila dakika 20: aliyekuwa na maji magotini, kabla hajamaliza kupiga picha zake, yamefika mapajani. Tena maji hayaji kutoka mbele peke yake. Yanajaza kwanza bonde lililo kati ya fungu na ufuo, nyuma ya mgongo wako, kwa sababu hapo ndipo pa chini. Siku ya maji mafu yenye tofauti ya mita 1.2, saa hiyo hiyo ya tatu ingepanda sentimita 30 tu. Ndiyo maana tunasema bamvua ni ya kutazama, maji mafu ni ya kuogelea.

Kwa hiyo ukitembea kwa miguu kwenda nje maji yakipwa, weka kengele ya simu ilie kwenye dakika ile ile ya kupwa, na ikilia geuka. Usingoje uone maji yamebadilika.

Misimu

Desemba hadi Machi ni kaskazi, na ndio wakati maji yanapokuwa maangavu zaidi. Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, upepo unapungua na bahari inalala, na kwa anayejifunza hakuna wakati mzuri zaidi ya huo. Masika, Aprili na Mei, mvua huteremsha tope kutoka vijito vya Tudor na Mtwapa, na hata siku ya jua unaweza kuingia majini usione mkono wako. Juni hadi Septemba ni kusi: upepo mkali, mawimbi makubwa, na siku nyingine nahodha mwema atakataa kutoka. Mshukuru, usimtafute mwingine atakayekubali. Maji yenyewe hayana baridi mwaka mzima, takriban nyuzi 25 mwezi wa Agosti na 29 mwezi wa Machi, lakini mtoto akikaa ndani kwa saa nzima wakati wa kusi na kutoka kwenye upepo atatetemeka. Beba taulo la ziada.

Kufika na tikiti

Kutoka mjini, matatu za Mtwapa na za Bamburi hupita Daraja la Nyali, Kongowea na barabara ya Malindi. Wengi hushuka Pirates, ambako ndiko kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, halafu wanatembea au kuchukua tuktuk. Ufuo wenyewe ni bure. Tikiti ya KWS unaihitaji unapoingia mbugani kwa boti.

Lipa mwenyewe, kabla hujaondoka nyumbani, kupitia eCitizen kwenye sehemu ya KWS. Pesa taslimu hazipokelewi. Kuna bei ya raia, ya mkazi na ya mgeni, na mtoto hulipa chini ya mtu mzima. Chagua daraja lako sawasawa, weka tarehe ya siku ile ile unayokwenda, lipa kwa M-Pesa, kisha piga picha ya skrini ya risiti, kwa sababu majini mtandao unaweza kukatika. Raia abebe kitambulisho cha asili, si picha yake. Tatizo la kawaida ni familia moja kulipia watu watano kwa bei ya raia huku mgeni wao kutoka ng'ambo akiwa ndani ya hesabu. Askari akikagua, safari inasimama hapo.

Mwenye boti akikuambia bei yake ina tikiti ndani, mwambie akuonyeshe risiti yenye idadi ya watu na tarehe ya leo. Asipokuwa nayo, toa gharama ya tikiti kwenye bei na ulipe mwenyewe.

Boti na nahodha

Ufuoni utakutana na vijana wengi wanaouza safari. Wengi wanaijua bahari hiyo kuliko kitabu chochote, na riziki yao iko humo, basi zungumza nao kwa heshima na upatane mambo manne kabla ya mguu kugusa maji: bei ni ya kila kichwa au ya boti nzima, safari ni ya muda gani kutoka mnapoondoka hadi mnaporudi, miwani na mrija wa kupumulia vimo ndani ya bei au vinakodiwa kando, na jaketi za kujiokolea zipo kwa kila mtu, pamoja na watoto. Saa mbili zinatosha. Chini ya saa moja na nusu hutakuwa umetulia majini ndipo unaitwa kurudi.

Kagua boti kwa macho yako. Ina cheti cha ukaguzi na idadi ya abiria iliyoandikwa? Ina kasia au mashine ya akiba, nanga, na kitu cha kutolea maji? Kama ina sakafu ya kioo ya kutazamia chini, imekwaruzika mpaka imekuwa nyeupe? Kama ndiyo, hutaona kitu kupitia kwake, hata maji yawe safi namna gani.

Jaketi ndilo la kukaguliwa kwa mkono, si kwa jicho. Vaa, funga vifungo vyote, kaza mikanda, kisha mtu akuinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa na majini litakuvuka kichwa. Kwa mtoto ni lazima liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kama hakuna la saizi yake, mtoto abaki ufuoni na mkubwa mmoja. Hili lisijadiliwe na mtu. Minya pia sponji ya ndani: iliyolegea na kuwa nzito imekunywa maji kwa miaka na haielei tena ipasavyo.

Muulize nahodha atafunga boti wapi. Jibu linalotakiwa ni kwenye boya. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe huvunja kwa sekunde moja kitu ambacho, kwa yale magumu ya mviringo, hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Tumbawe lenye ukubwa wa sufuria ya pilau huenda limechukua makumi ya miaka kukua.

Miwani, mrija na mwili

Miwani inayovuja ndiyo sababu kubwa ya watu kupanda boti mapema na kusema bahari haikuwa na samaki. Ijaribu nchi kavu. Weka nywele na ukingo wa hijabu kando, bandika miwani usoni bila kuvuta mkanda nyuma, vuta pumzi kidogo kwa pua, halafu achia mkono. Ikibaki usoni yenyewe, inakutosha. Ikianguka, omba nyingine. Kukaza mkanda hakusaidii: mpira unajikunja na maji yanaingia zaidi. Mwenye sharubu apake mafuta mazito kidogo chini ya pua.

Kioo kikifanya ukungu, tema mate ndani, sugua kwa kidole pande zote, suuza mara moja tu kwa maji ya bahari. Usisuuze mara tatu, utaondoa ulichopaka.

Mrija ushikwe kwa meno bila kuung'ata, midomo ifunike pande zote. Jizoeze ukiwa umesimama kwenye maji ya kifuani: inamisha uso, pumua polepole kwa mdomo pumzi ishirini. Maji yakiingia mrijani, usivute. Puliza pumzi moja ya ghafla kama unayetema mbegu ya ukwaju, maji yatoke juu, kisha vuta kidogo kwa tahadhari. Anayeogopa na ashike boya la boti au mkono wa mwenzake kwa dakika kumi za kwanza. Hofu ikitoka, samaki wanakuja wenyewe.

Nguo. Dera ni vazi zuri la ufuoni, lakini majini linajaa kama tanga na kujifunga miguuni, na kitambaa chake kikilowa kinavuta chini. Taiti ndefu na fulana nyepesi ya mikono mirefu inayobana, au vazi la kuogelea la kujisitiri lililoshonwa kwa nailoni, vinasitiri vilevile na mwili unakuwa huru. Fulana hiyo hiyo inakulinda na jua mgongoni, mahali panapoungua zaidi kwa anayeelea kifudifudi. Mafuta ya kukinga jua yabaki usoni na shingoni, nayo yapakwe nusu saa kabla ya kuingia, kwani mengi yana kemikali zinazodhuru matumbawe.

Miguuni, raba kuukuu yenye soli nene inashinda ndala kwa mbali. Ndala inachomoka kwenye mchanga mzito, na miiba inapita pembeni.

Ndani ya maji

Elea, usisimame. Ukihitaji kusimama, tafuta mchanga mtupu. Aliyekanyaga tumbawe anajeruhi kitu kilicho hai, na mara nyingi kitu hicho hulipa papo hapo: mkwaruzo wa tumbawe huchelewa kupona na hupenda kutunga usaha.

Jipe muda sehemu moja badala ya kuogelea mbio huku na huku. Baada ya dakika mbili tatu za utulivu utamwona pono akitafuna mwamba, na ukizamisha masikio utasikia meno yake yakikwaruza. Samaki vipepeo huenda wawili wawili. Kangaja hupita kwa makundi. Chini kwenye mchanga kuna jongoo wa bahari na kiti cha pweza, kiumbe chenye umbo la nyota, chekundu au chenye vinundu. Usikinyanyue ili upigwe picha nacho, hata mwongozaji akikupa. Kasa akitokea, kaa mbali naye mita kadhaa na usimzuie njia ya juu, maana anapanda kuvuta pumzi kama wewe.

Mtafute kikande, samaki mnene mwenye kufuli la mwiba mgongoni na meno ya nguvu. Huyu hula nungu wa baharini, wale weusi wenye miiba mirefu. Utafiti kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kwamba vikande wakivuliwa mpaka wakaisha, nungu huzidi, nao huparura mwamba mpaka matumbawe yanashindwa kurudi. Samaki mmoja tu anashikilia mizani ya mwamba mzima. Hii ndiyo maana ya marufuku ya kuvua mbugani, na inafaa watoto waelezwe wakiwa hapo hapo, uso umeinama majini.

Msiwape samaki mkate. Wanakuja kwa wingi, ni kweli, na boti nyingine hubeba mkate kwa kazi hiyo. Lakini wanaokuja ni wale wachokozi wachache, wanawafukuza wengine, na wanaacha kula mwani ambao unatakiwa upunguzwe kwenye mwamba.

Utaona pia matumbawe meupe kama chokaa. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe hutapika vijimea vidogo sana vinavyolipatia rangi na chakula. Mwaka 1998, joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Yaliyopo leo mengi ni vizazi vilivyorudi baada ya hapo, na yanastahili kutendewa kwa upole.

Anayejua kuzamia kwa mtungi ana kazi nyingine: nje ya mwamba, upande wa Bamburi, kuna meli Dania iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki. Hiyo ni ya wenye cheti na mkufunzi, si ya mrija.

Mambo yanayoharibika

Mkondo. Maji yanapokupwa hutoka kupitia milango, yaani mapengo ya mwamba, na nguvu yake iko kwenye saa ya tatu na ya nne. Ukiona unaogelea na tumbawe la chini halisogei nyuma, usishindane. Geuka ubavu, ogelea sambamba na ufuo mpaka uache njia ya mkondo, ndipo uelekee nchi kavu. Ukichoka, lala chali, inua mkono mmoja, ngoja boti. Matyubu yanayokodishwa ufuoni ni hatari kwa sababu hiyo hiyo: maji yakipwa yanamchukua mtoto kimya kimya, naye anacheka mpaka yuko mbali. Mkubwa awe umbali wa mkono kunyooka, ndani ya maji, si kwenye mkeka.

Miiba ya nungu. Toa ile inayoshikika kwa kibano, usichimbe iliyovunjikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kisha osha kwa sabuni. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, nenda hospitali.

Taa na samaki-jiwe. Taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala chini ya mchanga, basi kokota miguu unapotembea majini badala ya kuinua na kukanyaga, atahisi na kuondoka. Aliyechomwa husikia maumivu makali mara moja: zamisha sehemu hiyo kwenye maji ya moto, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukipima kwanza kwa mguu au mkono mzima usioumia ili usimwunguze. Joto hupunguza maumivu ya sumu. Halafu hospitali, bila kujali maumivu yamepungua. Ndiyo maana chupa ya chai yenye maji ya moto ni kifaa cha kwanza kwenye kikapu kabla ya kuwa kifaa cha chai.

Yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha. Suuza kwa maji ya bahari, si ya mfereji. Toa nyuzi kwa kibano, usisugue kwa mchanga, na baada ya hapo maji ya moto. Na kombe lenye umbo la pia (koni), hata liwe na marembo gani, lisishikwe: konokono wa ndani ana mwiba wenye sumu inayoweza kuua mtu.

Simu zikae na namba hizi: 999 au 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo hailipishwi.

Kikapu

Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na hifadhi za Kenya: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya kunywea. Beba maji kwenye chupa ya chuma au mtungi, lita 2 kwa kila mtu, na chakula kwenye hotipoti. Mahamri na mbaazi hustahimili safari. Samaki wa kupaka na chochote cha nazi huchacha kabla ya adhuhuri kwenye jua la Bamburi. Kuleni chakula kizito baada ya majini, si kabla, kwani boti ikiyumba na tumbo limejaa, mmoja atatapika na wengine watafuata. Ukisahau chakula kabisa, viazi karai, mihogo ya pilipili na ndimu, na madafu hayakosekani Pirates.

Siku za Idd, Krismasi na mwaka mpya ufuo hujaa watu mpaka mchanga hauonekani. Andika namba ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa kila mtoto, na mpatane mahali pa kukutania pasipohamishika, mnazi fulani au kibanda, si mwavuli.

Kama mmemaliza matumbawe saa sita na watoto bado wana nguvu, Haller Park iko Bamburi hiyo hiyo, upande wa pili wa barabara ya Malindi. Lilikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, na kuanzia mwaka 1971 lilipandwa mivinje, mti unaostahimili chumvi na ardhi kavu, mpaka likawa msitu. Jioni yake ni tulivu.

Nyumbani, loweka miwani na mrija kwenye ndoo ya maji matamu kwa dakika kumi, pamoja na raba. Anika kivulini, kwani jua hukausha mpira ukapasuka. Masikio ya watoto yakaushwe kwa ncha ya taulo, kichwa kikiinamishwa upande mmoja mmoja. Na kabla ya kulala, angalia jedwali la wiki mbili zijazo, utafute siku ambayo kupwa kunarudi saa nne asubuhi.